Mistari ya Chaki Ukutani

Jumatatu, 3 Machi

Mama amenipa funguo sita zilizofungwa kwa kamba ya kiatu. "Shule umemaliza, matokeo bado," amesema. "Badala ya kukaa unatazama dari, utakuwa unapita kule kila siku uniangalizie nyumba."

Kule ni nyumba ya vyumba sita aliyoinunua Desemba kwa kiinua mgongo chake chote, baada ya miaka ishirini na miwili ya kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali. Vyumba vitatu viko mbele, vinatazama barabara. Vitatu viko nyuma, vimeegemea uchochoro. Katikati kuna ua wa saruji wenye bomba moja la maji. Tangu baba afariki, nikiwa darasa la tatu, sijawahi kumwona Mama akinunua kitu kikubwa kuliko kabati. Halafu akanunua nyumba.

Sisi wenyewe tumepanga vyumba viwili, mitaa minne kutoka hapo. Mjomba, mdogo wake Mama anayeendesha lori la kokoto, anasema Mama ni mpishi anayekwenda kula mkahawa wa jirani.

Nimejibu sawa. Sikusema kwamba naogopa. Shuleni nikiulizwa swali kwa mdomo nilikuwa naijibu meza. Kuandika ndiko ninakoweza, na ndiyo maana nimelitoa daftari hili.

Jumanne, 4 Machi

Nilifika getini nikainama kujifanya nafunga viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

"Wewe ndiye mtoto wa mwenye nyumba?" aliuliza mlinzi wa namba moja. Usiku analinda ghala, mchana anatakiwa alale, lakini inaelekea halali. "Ingia, binti. Hatuumi. Labda namba tano, yule ana wembe."

Namba tano ni kinyozi. Namba nne ni mshonaji, mama wa makamo ambaye wote wanamwita Bi Chaki kwa sababu kipande cha chaki hakitoki nyuma ya sikio lake. Namba sita ni Mama Pacha na watoto wake wawili wanaotambaa kila mmoja upande wake. Namba mbili na tatu wamepanga wanafunzi wa chuo.

Nilimwamkia kila mtu "shikamoo", hata wanafunzi, ambao wamenizidi labda miaka miwili. Mmoja alijibu "marahaba, mjukuu wangu," na ua mzima ukacheka. Sasa naitwa Mwenye Nyumba Mdogo.

Ijumaa, 7 Machi

Jua. Maji ya bomba yanatoka. Mama ameniagiza niandike kila siku hali ya maji, ili wapangaji wakilalamika ajue ukweli.

Jumatano, 12 Machi

Mvua ya kwanza. Mama alisimama dirishani, pasi mkononi, anatabasamu. Siku hizi anapiga pasi nguo za watu hapa nyumbani. "Bati langu," alisema, "nililikagua shuka kwa shuka." Alimaanisha bati kwa bati. Nilikwenda kuangalia. Ni kweli, halivuji hata tone.

Jumapili, 16 Machi

Bi Chaki aliniita. "Binti, njoo uone ukuta wenu unavyotoka jasho."

Ukuta wa nyuma wa chumba chake, ule wa upande wa uchochoro, umelowa kuanzia sakafuni hadi kwenye goti langu. Rangi imevimba na ukiigusa inabaki kwenye kidole. Majora ya vitambaa ameyapandisha juu ya kitanda, kwa hiyo yeye alilala kwenye kiti.

Alikuwa amechora mstari wa chaki palepale unyevu unapoishia na kuandika tarehe ya leo. "Mteja akibadilika mwili mimi nampima upya," alisema. "Huyu naye nitampima kila asubuhi. Tuone ananenepa au anakonda."

Nilitaka kusema pole. Nilisema "haya".

Jumatatu, 17 Machi

Mama alikuja mwenyewe. Aliweka kiganja ukutani namba nne, akaenda tano, akaenda sita. Ni ukuta mmoja, na wote umelowa.

"Nilinunua kiangazi," aliniambia njiani. "Rangi ilikuwa mpya, inanukia vizuri. Mimi na akili zangu zote nikaipenda harufu."

Alhamisi, 20 Machi

Amekuja fundi mwashi. Watu wanamwita Fundi Kesho, na alipaswa kuja juzi. Aligonga ukuta kwa kidole, akasikiliza, akatikisa kichwa kama daktari.

"Mama, huu ukuta umekunywa mvua mpaka umelewa. Dawa yake ni moja. Tubomoe wote wa nyuma, tuinue msingi, tujenge upya."

Mama aliuliza bei. Alipotajiwa aliuliza mara ya pili, kama mtu ambaye hakusikia. Alikuwa amesikia.

Jumatatu, 24 Machi

Mvua kubwa. Maji ya bomba yamekatika mtaa mzima.

Jumanne, 25 Machi

Mvua. Maji hakuna. Wanafunzi wanakinga ya bati na kuimba.

Alhamisi, 27 Machi

Mvua kutwa. Maji hakuna, siku ya nne. Mama hali vizuri. Anapiga pasi shati lilelile mara mbili.

Ijumaa, 28 Machi

Maji yamerudi asubuhi. Mvua imepumzika.

Jumapili, 30 Machi

Jua. Maji yanatoka.

Mjomba alikuja na matope ya lori miguuni, akakaa kwenye kiti cha nguo zilizokwisha kupigwa pasi. Mama alimwinua kwa sikio, na yeye ana miaka arobaini na mitatu.

"Dada, uza," alisema. "Uza sasa hivi kabla haijaanguka. Ukarabati utakula mpaka meno ya dhahabu."

"Sina meno ya dhahabu."

"Ndiyo ujue hali yako."

Alisema ana rafiki dalali, na dalali ana mnunuzi anayetaka kiwanja tu, nyumba haimhusu. Mama alisema hauzi. Baadaye kidogo alisema, "Waje waangalie tu. Kuangalia si kuuza." Nilimtazama. Alikuwa anaikunja kanga moja kwa muda mrefu.

Jumatano, 2 Aprili

Jua kali, siku ya tano. Maji yanatoka. Wapangaji wa nyuma wanalalamika zaidi, sijui kwa nini, wakati hali ya hewa ni nzuri. Mama Pacha aliniambia, "Watoto wanakohoa, Mwenye Nyumba Mdogo. Mwambie mama yako." Nilimwambia Mama. Alifumba macho.

Alhamisi, 3 Aprili

Dalali alikuja na mnunuzi na tepu ya kupimia. Walipima ua, wakapima uchochoro, wakaongea kwa sauti kama vile vyumba havina watu. Wapangaji wote walikuwa milangoni. Bi Chaki alizima cherehani. Sikujua ningewaambia nini, nikakagua bomba ambalo halikuwa na tatizo.

Bei waliyotoa ni pungufu sana ya ile Mama aliyonunulia. Dalali alisema, "Mama, fikiria mpaka mvua ikatike. Baada ya hapo, mteja wangu anatazama kwingine." Kwa hiyo tuna mpaka mwisho wa masika.

Ijumaa, 4 Aprili

Mama ameamua kwamba kabla ya kujibu lolote, Fundi Kesho abandue plasta ya ukuta wa nyuma kesho Jumamosi, tuone unyevu umeingia kiasi gani. Ameniambia nipite vyumba vya nyuma niwaambie wavute vitanda na vyombo mbali na ukuta.

Nilifika. Mlango wa namba nne ulikuwa wazi na kulikuwa na wateja watatu. Niliona aibu. Nikarudi hadi getini, nikachana karatasi tatu ndogo kutoka daftarini, nikaandika vizuri kwa mwandiko wangu wa mtihani, na kuchomeka moja kwenye kila mlango wa nyuma.

Nimemwambia Mama kwamba nimewaambia. Ni kama kweli.

Jumamosi, 5 Aprili

Naandika saa kumi jioni. Nitaandika yote.

Tulifika saa mbili asubuhi, mimi na Mama. Mbele ya geti palikuwa na mkokoteni wa punda. Juu yake kiti cha kinyozi kile kinachozunguka, kioo chake kikubwa, godoro. Mama Pacha alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, pacha mmoja mgongoni, mwingine mapajani, vyombo vimefungwa ndani ya shuka. Cherehani ya Bi Chaki ilikuwa uani, imefunikwa.

"Kuna nini?" Mama aliuliza. "Nani amekufa?"

"Sisi," alisema mlinzi. "Wa mbele bado tunasubiri barua yetu."

Bi Chaki alimpa Mama karatasi. Naikumbuka kila neno kwa sababu niliandika mimi: *Wapangaji wa nyuma mnaombwa kuhamisha kila kitu ifikapo Jumamosi asubuhi ili fundi aanze kazi. Asanteni. Mwenye nyumba.*

Mwanzo nilikuwa nimeandika "kila kitu kilicho karibu na ukuta". Karatasi ilikuwa ndogo. Nikapunguza maneno.

"Juzi mnapimisha kwa tepu, leo barua," alisema Bi Chaki. Hakupaza sauti, na hilo ndilo liliuma. "Siku moja, Mama. Hata mbuzi hupewa zaidi."

Mama alisoma mara mbili. Kisha akanitazama. Nilijua anaujua mwandiko wangu. Nilingoja aseme "ni huyu". Hakusema. Alikunja karatasi akaanza, "Jamani, naomba radhi, mimi nili..."

"Ni mimi," nilisema.

Sidhani kama walisikia. Nikasema tena, kwa sauti iliyotoka kubwa kuliko nilivyopanga, mpaka punda wa mkokoteni akageuka. "Ni mimi niliandika! Nilimaanisha mvute vitanda! Vitanda tu, kutoka ukutani! Niliona aibu kubisha hodi!"

Mwanafunzi mmoja wa namba mbili akacheka puani, na mlinzi akasema, "Mwenye Nyumba Mdogo, wewe ukipewa nchi utaanzisha vita kwa barua ya salamu."

Mama Pacha alicheka hadi akalia, au alilia hadi akacheka. Alisema amefunga mizigo tangu alfajiri. Nilimbebea mzigo mmoja mmoja kurudisha ndani, sufuria, neti, beseni, na kila nikipita nasema pole. Nadhani leo nimesema pole nyingi kuliko maisha yangu yote.

Lakini kinyozi hakurudi. Alikuwa amekwisha kulipia chumba kingine karibu na soko. "Sina kinyongo, binti," alisema. "Ila mimi ninanyoa watu, na kule ukuta ni mkavu." Mkokoteni ukaondoka.

Kwa hiyo chumba kimoja kitupu, kwa kosa langu, mwezi ambao Mama hawezi kumudu hata wiki tupu. Mjomba akisikia atasema uza, na safari hii atakuwa na sababu.

Mama hakunigombeza. Tulipofika nyumbani alisema tu, "Kesho kutwa utarudi, utabisha hodi mlango kwa mlango, uongee na kila mtu kwa mdomo wako. Sikutumi kama adhabu. Nakutuma kwa sababu mimi siwezi kuwa kila mahali."

Fundi Kesho hakutokea.

Jumatatu, 7 Aprili

Nilibisha. Namba moja, mbili, tatu. Kwa kila mlango nilikuwa na sentensi mbili nilizokariri. Kwa mlinzi nilisahau zote nikasema, "Nimekuja kuongea." Akasema, "Ongea." Nikasema, "Nimemaliza." Akanisifu kwa ufupi wa hotuba.

Namba sita nilikaa nusu saa. Sikujua kwamba Mama Pacha alihamia hapa kwa sababu ya bomba la uani. Alikokuwa alikuwa anapanda kilima na ndoo. "Nyumba hii naipenda," alisema. "Ni ukuta tu haunipendi."

Jumatano, 9 Aprili

Jua. Maji yanatoka.

Nilikwenda namba nne kwa Bi Chaki mwisho, kwa sababu yeye ndiye niliyemwogopa. Alinikaribisha kwa kunipa sketi nimshikie akipunguza pindo. Mtu akiwa ameshika kitu, kuongea kunakuwa rahisi. Nilimweleza kuhusu ukuta, bei ya kubomoa, dalali. Sikuwa nimetumwa kusema yote hayo.

"Kwa hiyo mama yako bado hajauza."

"Bado."

"Basi muulize fundi wenu swali langu." Alinionyesha ukuta. Mistari ya chaki imepanda mmoja juu ya mwingine kama ngazi, kila mmoja na tarehe yake. Lakini mahali fulani tarehe zilikuwa zimebanana, nne kwenye mstari mmoja: 25, 26, 27, 28 Machi. "Siku hizi nne hakupanda hata unywele. Nilidhani amepona. Halafu akaanza tena, mbio mbio."

Tarehe ishirini na tano, sita, saba. Nilikuwa na daftari kwenye begi. Nilifungua nikasoma, nikasoma tena. *Mvua. Maji hakuna. Mvua kutwa. Maji hakuna, siku ya nne.* Siku ambazo mvua ilipiga zaidi kuliko zote, ukuta ulitulia. Na kuanzia jioni ya tarehe 28, jua kali siku tano mfululizo, ulipanda urefu wa kiganja.

"Bi Chaki," nilisema, "si mvua."

Alishusha miwani. "Ni nini basi?"

"Ni bomba."

Niliondoka na sketi ya mtu mkononi. Nilifika mtaa wa pili ndipo nikagundua, nikarudi.

Alhamisi, 10 Aprili

Jana Mama alisikiliza hadi mwisho, akachukua daftari akasoma mwenyewe (kurasa za maji tu, nilizibana nyingine kwa kibanio cha nguo). Alisema hospitali waliwahi kuwa na mashine iliyokuwa inavuja, na mhandisi alikuwa anafunga mabomba yote kisha anaangalia mita. Kama hakuna anayetumia maji na mita bado inazunguka, maji yanakwenda mahali.

Ili kufanya hivyo, watu wote wasiguse maji saa nzima. Mama alinitazama. Nilimtazama. "Sitaandika," nilisema.

Nilibisha milango mitano. "Hodi. Naomba kuanzia saa nne mpaka saa tano msifungue bomba la uani wala la bafuni. Hakuna anayehama." Hiyo ya mwisho niliiongeza kwa usalama. Mlinzi alikuwa kweli amelala, kwa mara ya kwanza, na mimi ndiye niliyemwamsha. Mwanafunzi wa namba tatu alikuwa na sabuni kichwani. Nilimruhusu asuuze.

Saa nne kamili mimi na Mama tulichuchumaa uchochoroni. Mita iko chini ya kifuniko cha chuma, ndani ya shimo lenye konokono. Ndani ya kioo kuna kigurudumu chekundu, kidogo kama kifungo cha shati.

Kilikuwa kinazunguka.

Bila haraka, bila kusimama. Mama alipiga kelele kupitia ukuta, "Kuna mtu anatumia maji huko?"

Sauti zilijibu kutoka kila chumba: "Hakuna!" Na mlinzi: "Hata mate nimezuia!"

Mama alikaa chini kabisa, kwenye matope, na gauni lake alilolipiga pasi. "Ukuta wangu hauna kosa," alisema.

Jumamosi, 12 Aprili

Fundi bomba ni mwanamke mwembamba anayetembea na nondo ndefu. Anaisimamisha sakafuni, anaweka sikio juu yake, anafumba macho. Alisikiliza uchochoroni, akasikiliza namba nne, akasikiliza namba sita. Namba tano akasema, "Njooni."

Niliweka sikio. Ilikuwa kama mtu anayenong'ona bila kuvuta pumzi.

Bomba la kutoka kwenye mita linapita chini ya vyumba vya nyuma kuja uani. Kwa kuwa namba tano haina mtu, tulivunja sakafu hapo bila kumsumbua yeyote. Fundi Kesho alikuja pia, siku moja tu baada ya siku aliyoahidi, akasimama pembeni akisema haiwezekani. Jembe lilipofika, maji yaliruka yakamwingia viatuni. Kiungo kimeoza, na kutu imekila nusu; fundi bomba alikikata akaweka kipya.

"Mimi ni mtu wa kuta," alimwambia Mama, akimimina maji kutoka kwenye kiatu. "Nikiona ukuta naona ukuta. Unisamehe, mama." Nilimpenda kidogo kwa hilo. Alijitolea kuirudisha sakafu kwa bei ya saruji tu. Alisema ataanza kesho, na sote tukacheka, naye pia.

Jumapili, 13 Aprili

Mvua. Maji yanatoka. Mabomba yakifungwa, mita inasimama.

Ijumaa, 18 Aprili

Mvua siku tano. Mistari ya Bi Chaki haijapanda. Leo amechora mmoja chini ya ule wa jana.

Jumapili, 20 Aprili

Nilidhani mambo yamekwisha, lakini leo nimejifunza kwamba hayakwishi hivyo.

Mjomba alikuja na dalali. Habari zimemfikia dalali, na mnunuzi ameongeza bei. Sasa anatoa kiasi kilekile Mama alichonunulia, si chini, si juu.

"Dada, hii ni bahati," alisema Mjomba, na safari hii hakuwa anatania. "Unatoka kama ulivyoingia. Usiku unalala. Fundi bomba umemlipa, namba tano ni tupu na sakafu bado haijakauka, plasta yote ya nyuma lazima ibanduliwe, na hapa kwako mwenyewe unadaiwa kodi ya miezi miwili. Utaendesha kwa nini? Kwa pasi?"

Mama alimwambia dalali muda ni uleule, mpaka mvua ikatike. Kisha akamwambia Mjomba jambo lililomfanya akohoe chai: kwamba namba nne na namba sita hawatalipa mwezi huu, kwa vitambaa vilivyoharibika na vifua vya watoto.

"Mwenye nyumba kusamehe kodi! Dada, utatufukuzisha kwenye chama cha wenye nyumba!"

"Wewe una nyumba?"

"Nina lori."

Baada ya wao kuondoka nilimwona Mama amekaa na karatasi, anaandika na kufuta. Nilikuwa nikidhani mwenye nyumba ni mtu anayepokea tu. Sasa namfikiria mwenye nyumba wetu, ambaye kila mwezi tunamkwepa dirishani, na najiuliza kama naye huwa anafuta karatasi.

Jumamosi, 26 Aprili

Nimelala na wazo hili siku tatu. Leo nimelisema, wakati wa chai, nikiwa nimeshika kikombe.

"Mama, tuhamie namba tano."

"Nani?"

"Sisi. Hapa tunalipa kodi ya vyumba viwili. Kule chumba ni kitupu, na hakuna atakayekipanga hadi ukuta ukauke. Tukikaa sisi, kodi ya hapa inakuwa plasta ya kule."

"Chumba kimoja, mimi na wewe?" Alitazama kabati. "Hilo halitaingia."

"Halitaingia."

"Na ukuta wenyewe umelowa."

"Ndiyo. Tutalala katikati, mbali na ukuta."

Alicheka, akaacha, akasema miaka ishirini na miwili alikuwa na ndoto ya kuwa na nyumba ili aache kukaa kwenye chumba chenye majirani kila upande. Nilisema najua. Akasema nimpe siku chache.

Jumatano, 30 Aprili

Mama ameuza kabati.

Jumamosi, 3 Mei

Jua, siku ya nne. Jirani anasema masika yamekwisha.

Dalali alinikuta uani peke yangu, nikimsaidia Fundi Kesho kubeba plasta iliyobanduliwa. "Mama yupo?"

"Amekwenda kupeleka nguo za watu."

"Basi mwambie nimefuata jibu."

Ningeweza kusema nitamwambia. Ndivyo ningesema mwezi wa tatu. "Jibu ninalo," nilisema. "Hauzi. Anashukuru kwa kumngoja."

Alinitazama kama anayesubiri mtu mkubwa atokee nyuma yangu. "Una hakika, binti? Mteja hatarudi tena kwa bei hii."

Hilo ni kweli, na huenda mwakani tukalijutia. "Nina hakika," nilisema. "Tunahamia sisi wenyewe."

Jumamosi, 10 Mei

Tumehama. Mjomba alileta lori, akavibeba vitu vyetu vyote kwa safari moja, akasema kokoto zina adabu kuliko vyombo vya Mama. Alipomaliza alizunguka namba tano, akaweka kiganja ukutani, akanusa kiganja. "Unakauka," alikiri. Hakusema samahani, lakini amemnunulia Mama koki mpya ya uani, ya shaba.

Bi Chaki ametupa pazia. Wanafunzi wamenipa kiti kibovu, nami nimekitengeneza.

Jumatatu, 12 Mei

Nimeamka kwa sauti ya hodi. Saa kumi na mbili na nusu, kumeshapambazuka. Mama alifungua akiwa na kanga kichwani.

Alikuwa mlinzi, ametoka kazini, ana ufagio na kipande cha boksi kilichoandikwa kwa mkaa. "Za asubuhi, jirani. Zamu ya kufagia ua. Jumatatu ni namba tano."

Mama alimtazama. "Mimi?"

"Namba tano, ndivyo ilivyoandikwa. Kinyozi alikuwa anafagia mpaka kwenye mfereji."

"Mimi ni mwenye nyumba!"

"Hongera," alisema mlinzi. "Na pembe ile ya bafuni usiisahau, majani yanaziba."

Milango ilikuwa imefunguka. Bi Chaki na sindano mdomoni, Mama Pacha na pacha mmoja, mwanafunzi na mswaki. Walikuwa wanasubiri waone, na mimi pia.

Mama alipokea ufagio. Aliukagua bila haraka, akaupiga mara mbili ukutani ili uchanue, akajifunga kanga kiunoni. Alianzia getini, akafagia akirudi nyuma, mstari kwa mstari, jinsi alivyokuwa anapiga pasi shuka, bila kuacha hata mkunjo. Alipofika kwetu alisimama, akapumua, akautazama ua wake wote.

"Jumatatu ijayo," aliniambia, "ni wewe."